Moyo wangu unakimbia ghafla alafu unakata, na kila nikipimwa naambiwa niko sawa

Ndugu mmoja wa Arua, hapa Uganda, mwendesha boda, miaka 29, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu:

"Dokta, habari ya kazi. Kama mara moja kwa mwezi ama miezi miwili moyo wangu unaanza kukimbia ghafla, nikiwa nimekaa tu stage ama nimeinama kufunga kamba ya kiatu. Unapiga mpaka shati inatikisika, naskia hadi kwa shingo, alafu baada ya nusu saa ama saa nzima unakata kama mtu amezima swichi, na baada ya hapo nakojoa sana. Nimepimwa ECG mara tatu, kliniki tatu tofauti, wote wanasema normal. Mmoja amenipa dawa ya presha, mwingine amesema ni mawazo, kanisani wanasema ni mapepo. Dada yangu ana ugonjwa wa vali ya moyo anameza warfarini, nyumbani wanaogopa na mimi naelekea huko. Nimeskia nyinyi watafiti mnachoma moyo na mtu anapona. Ni kweli? Na nyinyi mnafanyaga nini hasa?"

Ndugu yangu, nikuambie mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi. Mtu akiniandikia maneno kama haya, na hajawahi kuzimia hata siku moja, na kwao hakuna kijana aliyeanguka akafa ghafla, mi nawaza kitu kimoja kabla ya vingine vyote, kwamba amezaliwa na njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo, na hiyo ni moja ya shida chache za moyo ambazo tunaweza kumponya mtu kabisa, sio kumpa vidonge ameze mpaka uzee. Lakini nawaza tu. Siwezi kukuambia ndo yenyewe mpaka nione karatasi ya ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, iliyochapwa wakati moyo unakimbia, sio jana yake, sio kesho yake. Hiyo karatasi ndo shida yako kubwa sa hivi kuliko hata huo moyo. Ya kuchoma nitakuja nayo, usijali.

Angalia vile umeandika mwenyewe. Umesema unaanza ghafla na unakata ghafla. Mawazo hayafanyi hivo bwana, mtu mwenye hofu moyo wake unapanda polepole kama maji ya chai, na unashuka polepole, hawezi kukuambia dakika uliyokata. Wewe unaweza. Alafu shingo. Katika hii shida vyumba vya juu vya moyo na vya chini mara nyingi vinabana kwa wakati mmoja, yaani vya juu vinasukuma damu na vali za chini yake zimefungwa, sasa damu itaenda wapi, inarudi juu kwa mishipa ya shingo, ndo hizo ngumi unazoskia hapo. Na mkojo, hapa ndo nilicheka peke yangu ofisini kwa furaha, maana watu hawaulizagi na wagonjwa wanaona aibu kusema. Vile vyumba vya juu vikivimba kwa presha hiyo vinatoa homoni inayoambia figo mwaga maji, mwili umejaa, kumbe haujajaa. Ndo maana baada ya shambulio unakojoa kama umemaliza jerikeni.

Hiyo ya kuitwa mawazo sio wewe peke yako. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 walichukua wagonjwa 107 ambao tayari ilijulikana wana mbio hizi za moyo, wakaangalia ni wangapi dalili zao zingetosha kuitwa ugonjwa wa hofu, wakakuta theluthi mbili. Theluthi mbili! Na wanawake ndo walikuwa wanaumia zaidi na hiyo lebo.

Mi mwenyewe niliangukaga kwa hilo shimo. Nilikuwa daktari mchanga, hospitali siitaji, akaja mama mmoja muuza samaki, amevaa gomesi yake safi, akasema moyo unamrukia kama samaki kwa beseni. Nikampima ECG, safi. Nikamuuliza nyumbani kukoje, akasema mume amehamia kwa mke mwingine, basi nikaona jibu nimepata, nikaandika mawazo, nikampa vidonge vya kulala, akaenda. Ikapita mwaka na kitu. Siku moja akarudi, hakunilaumu, hakusema neno baya, akafungua mshipi wa gomesi akatoa kavera ya plastiki, na ndani ya kavera karatasi imekunjwa mara nne. Nesi mmoja wa kijijini kwao alimkuta katikati ya shambulio akambandika waya akachapa, alafu akamwambia hii usipoteze, peleka kwa wakubwa. Karatasi ilikuwa imeharibika, upande mmoja umegeuka mweusi, upande mwingine mweupe kama haijawahi kuandikwa kitu, ila katikati kimebaki kipande kama upana wa vidole vinne bado kinasomeka.

Sasa hapa nikuonyeshe vile tunasoma, maana umeuliza tunafanyaga nini, na kwa kweli siku nyingi ndo hii tu, kuhesabu visanduku. Karatasi ya ECG imechorwa masanduku, na inatembea milimita 25 kwa sekunde. Sanduku kubwa moja lina milimita 5, kwa hiyo ni sehemu ya tano ya sekunde, masanduku makubwa 300 ni dakika nzima. Ukitaka kujua moyo unapiga mara ngapi unaangalia kati ya mwiba na mwiba, yaani ule mstari mkali unaopanda kila moyo ukipiga, kuna masanduku mangapi, unagawa 300 kwa hiyo namba. Masanduku manne, mapigo 75, mtu amekaa vizuri. Yule mama kati ya mwiba na mwiba kulikuwa sanduku moja na nusu. Moja na nusu tena, moja na nusu tena, miiba kumi imejipanga sawasawa kama meno ya kitana, myembamba, ndani ya sekunde tatu tu. Hiyo ni 200 kwa dakika, na mtu hakuwa anakimbia, alikuwa amekaa kwa benchi. Kipande cha vidole vinne kilibomoa kila kitu nilichoandika kwa faili lake.

Sasa kwa nini ECG zako tatu zinasema normal? Kwa sababu ECG ya kawaida inaangalia moyo kwa sekunde 10. Kumi tu. Ni kama mtu apite Kampala Road saa kumi alfajiri aseme jiji hili halina jam. Hajadanganya, amepita saa mbaya. Ukienda kliniki moyo ukiwa umeshatulia unapata picha ya moyo uliotulia. Kuna kile kipimo kingine cha kubeba kwa kiuno saa 24, kinaitwa Holter, kwa jina la Norman Holter wa Montana ambaye miaka ya 1940 alianza na mashine ya redio ya kubeba mgongoni yenye kilo kama 38, leo ni kidogo kama simu. Ni kizuri, lakini kwa mtu ambaye anashikwa mara moja kwa miezi miwili kuvaa Holter siku moja ni sawa na kwenda kuvua mukene, wale dagaa, usiku wa mbalamwezi, unarudi na taa yako na nyavu tupu, na pesa umelipa. Usikimbilie huko.

Ila kabla hujatupa zile ECG tatu, naomba mtu anayejua azirudie kwa jicho moja. Kuna watu ambao ile njia ya ziada inaonekana hata moyo ukiwa umetulia, mwiba unaanza mapema na chini yake kuna mteremko kidogo kama mtu amepaka matope kwenye mguu wa mwiba. Wolff, Parkinson na White waliielezea mwaka 1930 kwa wagonjwa 11, wengi vijana wazima, ndo maana inaitwa kwa majina yao. Ni rahisi kuipita kama hukuambiwa uitafute. Na ina maana, nitakuambia kwa nini baadaye.

Haya, tuingie ndani. Moyo una umeme wake, hauchukui popote. Cheche inaanzia juu kulia, inasambaa vyumba vya juu, alafu kuna geti moja tu la kushuka vyumba vya chini, na hilo geti linachelewesha kidogo makusudi ili vya juu vimalize kumwaga damu kwanza. Geti lilielezwa mwaka 1906 na Mjapani Sunao Tawara akiwa Marburg, Ujerumani, na mahali cheche inaanzia palipatikana mwaka uliofuata Uingereza na Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack, kijana alikuwa anachunguza moyo wa fuko, fuko wa Ulaya, sio yule anayekuharibia mihogo shambani. Watu wazima wawili na moyo wa fuko, na leo kila hospitali duniani inatumia walichokiona.

Sasa wewe, kama ninavyowaza, umezaliwa na njia mbili badala ya moja. Ama geti lako lina leni mbili, moja ya haraka na moja ya polepole, ama kuna uzi mwembamba wa nyama unaounganisha juu na chini pembeni ya geti. Miaka yote havina shida. Alafu siku moja pigo moja linakuja mapema kidogo, umeinama kufunga kiatu, likakuta leni moja bado imefungwa, likashuka kwa ile nyingine, lilipofika chini likakuta ile iliyokuwa imefungwa imefunguka, likapanda nayo juu, likashuka tena, likapanda tena. Ni boda aliyeingia raundabauti akakosa pa kutokea, anazunguka tu, na kila akimaliza mzunguko moyo unapiga pigo moja. Mizunguko 200 kwa dakika. Hakuna pepo hapo, na mapadri na wachungaji waniwie radhi, wakuombee upone, sawa, lakini wasikwambie uache kutafuta karatasi.

Aliyeelewa huu mzunguko kwanza kwa uzuri alikuwa kijana Mwingereza, George Ralph Mines, miaka ya 1913 na 1914, alikata pete ya nyama ya moyo wa mnyama akaigusa na umeme akaona wimbi linazunguka lenyewe pete nzima, tena akaandika kwamba mtu akiwa na njia ya ziada jambo hilo hilo linaweza kumtokea. Novemba 1914 alikutwa maabara huko Montreal, vyombo vimeunganishwa mwilini mwake, hana fahamu, akafa siku hiyo hiyo, ana miaka 28. Wengi wanaamini alikuwa anajijaribu mwenyewe. Mi kila nikisoma habari yake naskia baridi, maana alikuwa karibu sana, na miaka michache tu nyuma kipimo cha kwanza cha ECG, cha Mholanzi Willem Einthoven, kilikuwa na uzito kama kilo 270 na kinahitaji watu watano kukiendesha, mgonjwa ameweka mikono na mguu kwa ndoo za maji ya chumvi.

Uthibitisho kwa binadamu hai ulikuja mwaka 1967 Amsterdam. Dirk Durrer na wenzake, na Hein Wellens akiwa kijana hapo, waliingiza waya mpaka kwa moyo wa mgonjwa wakawa wanawasha mbio kwa pigo moja la umeme lililopangwa saa yake na kuzima kwa pigo lingine. Kuwasha na kuzima, kama swichi, neno lile lile ulilotumia wewe. Mwaka 1968 daktari wa upasuaji William Sealy, Duke, Marekani, akafungua kifua cha mvuvi mmoja akakata ule uzi kwa kisu, mvuvi akapona. Lakini kufungua kifua bwana! Mwaka 1981 Melvin Scheinman, San Francisco, akajaribu kupitia waya tu bila kisu, akapiga shoti kubwa ya umeme ndani ya moyo kuharibu geti lenyewe, ilifanya kazi lakini ilikuwa kama kuua panya kwa bomu. Alafu wakaacha shoti wakaanza kutumia mawimbi ya redio ambayo yanapasha joto ncha ya waya polepole, na hapo ndo mambo yalibadilika kabisa. Mwaka 1991 Warren Jackman na timu yake Oklahoma walitangaza wagonjwa 166 wenye nyuzi za ziada, na kwa 164 walifanikiwa kuziua.

Kwa hiyo ndio, ni kweli, tunachoma, inaitwa ablesheni. Usiwaze moto. Unalala kwa meza, wanakuganzisha paja karibu na kinena, wanaingiza waya mbili tatu nyembamba kwa mshipa, zinapanda mpaka ndani ya moyo na wewe mara nyingi uko macho unaongea. Alafu, hii ndo watu wanashtuka, wanauanzisha ule mbio makusudi. Utauskia, utasema dokta ndo huu ndo huu, na kila mtu chumbani anafurahi isipokuwa wewe. Wanatafuta kwa ramani ya umeme ni wapi njia ilipo, wanagusa hapo na ncha ya waya, wanapasha kama dakika moja, kidonda kinachobaki ni chini ya punje ya mahindi. Wanajaribu kuwasha tena. Ukikataa kuwaka, kazi imeisha, unalala chali masaa kadhaa ili paja lisivuje damu, unaenda nyumbani. Zaidi ya watu 95 katika 100 inafanikiwa kwa aina hizi mbili nilizokuambia. Hatari ipo, ukichoma karibu sana na geti unaweza kuua geti lenyewe na mtu atahitaji betri ya moyo maisha yake yote, inatokea kwa chini ya mmoja katika 100, lakini ikitokea kwako sio asilimia tena, kwa hiyo uliza aliyewahi kufanya nyingi. Kwa Uganda njia ya huko inapita Uganda Heart Institute pale Mulago, hao ndo watakuambia kama ni hapa ama ni nje ya nchi, na hao pia kitu cha kwanza watakuomba ni ile karatasi.

Utaniuliza, si unipe tu dawa ya kuzuia mapigo, mbona unazunguka? Nikupe habari moja iliyotufundisha adabu sisi wote wa kazi hii. Miaka ya 1980 kila daktari alijua kwamba mtu aliyepata shambulio la moyo akibaki na mapigo ya ziada yuko hatarini, na kulikuwa na dawa zinazofuta hayo mapigo vizuri sana, enkainidi na flekainidi, ECG inabaki safi kama shuka jipya. Akili ya kawaida inasema ukifuta mapigo umeokoa mtu. Watu wakasema tujaribu kwa haki, nusu wapewe dawa, nusu wapewe kidonge kisicho na kitu. Wagonjwa 1,498. Waliokufa kwa kidonge kisicho na kitu ni 26, waliokufa kwa dawa ni 63. Utafiti ukasimamishwa katikati. Hizo dawa zilikuwa zinaandikwa kila siku kwa nia njema kabisa! Flekainidi bado tunaitumia, kwa watu ambao moyo wao hauna kovu, inasaidia sana, sio sumu. Ila tangu hapo mtu akiniambia nimpe dawa ya mapigo bila kujua ni mapigo gani, mkono wangu unakuwa mzito.

Sasa vile utafanya. Kwanza ukiwa barabarani na umeskia umeanza, simama. Simama kabisa, shusha abiria, zima piki, hata kama ni mzigo wa mwisho wa siku. Kaa chini. Pili jaribu kupuliza, na hapa nakupa namna iliyojaribiwa Uingereza kwa watu 428, ikatoka mwaka 2015. Tafuta bomba la sindano la mil 10, jipya, bila sindano yake, liwe kwa mfuko wa jaketi siku zote. Kaa nusu umelala, puliza kwa ile ncha ndogo kwa nguvu mpaka kile kisukumio kianze tu kusogea, shikilia sekunde 15. Ukimaliza lala chali mara moja na rafiki yako wa stage akuinue miguu yote miwili, aishikilie juu sekunde 15, alafu urudi kukaa vile ulikuwa, subiri kama dakika moja. Kwa wale waliopuliza na kuinuliwa miguu, watu 43 katika 100 moyo ulirudi, kwa wale waliopuliza tu bila kulala ni 17. Tofauti yote hiyo ni miguu tu, hakuna dawa, nani alifikiria. Inafanya kazi kwa sababu inaamsha ule mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya geti, geti likizubaa kidogo tu boda wa raundabauti anakosa pa kupita, amekwisha. Kusugua shingo achana nako, na kubonyeza macho kama wazee wa zamani walivyofundisha usithubutu.

Tatu, na hii fanya wiki hii moyo ukiwa umetulia, usingoje. Tafuta hospitali ama Health Centre IV iliyo karibu zaidi na stage yako ambayo ina mashine ya ECG, ingia, uliza mashine inafanya kazi, karatasi ipo, nani anajua kuitumia usiku. Mwambie huyo mtu shida yako, mwonyeshe hata haya niliyoandika. Siku ikianza, puliza mara mbili, isipokata usikae ukingoje kama zamani, wenzako wakubebe moja kwa moja, wewe usiendeshe, na neno la kwanza mlangoni liwe nipimeni ECG sasa hivi kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya foleni, kabla ya malaria. Wakiamua kukupa sindano ya adenosini, ile ya kukata mbio, waombe mashine iendelee kuchapa wakati dawa inaingia, kwa sababu vile mbio zinavyokatika zinatuambia zilikuwa zinapita wapi. Hiyo sindano nikuandae, kwa sekunde chache utaskia kama unakufa, kifua kinabana, dunia inaondoka, alafu imeisha, dawa yenyewe inapungua nusu kwa damu ndani ya sekunde 10. Wambie kama umekunywa kahawa ama chai nzito, inaipunguzia nguvu. Na kama hakuna mashine kabisa, mtu ashike simu apige video ya shingo yako ikipiga na saa ya sekunde ionekane, sio karatasi lakini tutahesabu.

Hiyo dawa ya presha usiiache ghafla kabla hujaniambia jina. Kama ni atenololi ama propranololi, yule daktari huenda alikusaidia bila kujua, hizo zinatuliza geti. Ila kama una pumu usiguse propranololi. Na kama kwa zile ECG za zamani ukionekana ule mteremko kama wa matope, basi digoksini na verapamili usikubali kupewa bila mtu wa moyo kusema, maana kwa watu hao, siku vyumba vya juu vikianza kutetemeka ovyo, hizo dawa zinaweza kufungulia umeme wote upite kwa ule uzi bila geti, na hapo moyo unaweza kusimama. Ndo maana nilisema ina maana. Mairungi, yaani miraa, na energy drink za usiku acha tu, wewe mwenyewe unajua, na waragi pia.

Kuna hali ambazo hizi habari zote za kupuliza hazikuhusu, unakimbizwa hospitali hapo hapo. Ukizimia. Kifua kikiuma vibaya ama pumzi ikakata. Mbio zikiwa hazina mpangilio, yaani sio tiktiktik sawasawa bali zinayumba. Ama ukijua kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40, hata akizama maji ama akianguka akicheza mpira, hiyo nitaomba uniandikie tena upya.

Dada yako ni jambo lingine kabisa, na hujaelekea huko. Ugonjwa wa vali kwa umri wake hapa kwetu mara nyingi unatokana na koo la utotoni ambalo halikutibiwa, mwili ukapigana na mdudu ukaishia kupiga vali zake mwenyewe. Vali ikibana vyumba vya juu vinapanuka, umeme unapotea njia, vinatetemeka badala ya kubana, damu inatuama, inaganda, kipande kikiruka kwa ubongo mtu amepooza. Warfarini ni ya kuzuia hilo, sio ya kupunguza mbio. Mtu atamwambia kuna dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara, na sisi wengi tulidhani zitakuwa bora kwake, mpaka mwaka 2022 utafiti mmoja wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, watu zaidi ya 4,500 wenye vali kama za dada yako, ulipoonyesha waliobaki kwa dawa za aina ya warfarini walikufa wachache zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani, moja ya hizo mpya. Kwa hiyo abaki, apime INR, ile namba ya kuonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ikae kati ya 2 na 3, na asibadilishe sukuma wiki na dodo, yaani mchicha, kila wiki, leo sahani tatu kesho hakuna, mboga za kijani zinavuta hiyo namba chini. Na kama ana watoto, hapa Uganda ndo ilithibitishwa, walipima watoto zaidi ya 102,000 kwa mashine ya picha ya moyo, wakachukua 818 ambao vali zilikuwa zimeanza kuguswa na hawajui, nusu wakapewa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Waliochomwa, waliozidiwa ni 3. Wasiochomwa, 33. Mtoto wake akilalamika koo asipewe panadol tu.

Nirudi kwa yule mama wa samaki. Tulipomtumia mbele na kile kipande chake, daktari wa huko alikigeuza kwa dirisha mara tatu akauliza kuna kingine, hakuna, akasema basi tutaanza na hiki, na safari yake ikachelewa miezi kwa sababu ya hiyo sehemu nyeupe. Karatasi ya ECG haina wino, inaandikwa kwa joto, kwa hiyo joto ndo linaifuta na kuichafua, jua la dashibodi, jiko, mfuko wa suruali mchana, hata plastiki ya kavera inailamba polepole. Yeye alikuwa ameificha jikoni, kwa kavera, juu ya sigiri. Wewe ikichapwa tu piga picha hapo hapo, nzima, jina na saa vionekane, jitumie kwa namba mbili, alafu omba fotokopi, ile yenyewe weka ndani ya kitabu mahali pa baridi. Na usiikunje.